Ini la sato mpaka namba ya Ct

Ukinikuta Igombe, ufukweni mwa Ziwa Victoria huko Mwanza, alfajiri nimeinama juu ya sanduku la barafu, usidhani nanunua kitoweo. Ninachofuata kwa sato ni ini.

Nataka kujua jeni ya hsp70, ile inayoamka samaki akizidiwa na joto kwenye kizimba cha kufugia, imeamka kiasi gani. Jeni ikifanya kazi hutoa nakala za RNA, na hizo ndizo tunazopima. Balaa ni kwamba RNA huharibika upesi kuliko dagaa walioanikwa siku ya mvua. Muue samaki haraka kwa kumpiga kichwani, mpasue papo hapo, kata kipande cha ini chenye unene usiofika nusu sentimita, kitumbukize kwenye dawa ya kuhifadhi RNA. Kikiwa kinene, dawa haifiki katikati. Badilisha glovu kila samaki. Vidole vyetu vimejaa vimeng'enya vinavyokula RNA.

Maabara, ukishatoa RNA, pima usafi wake kwa uwiano wa mwanga unaofyonzwa kwenye nanomita 260 kwa 280. Ukaribie 2.0. Itibu kwa DNase, kimeng'enya kinachokula DNA, kisha igeuze kuwa cDNA, yaani nakala ya DNA ya hiyo RNA, kiasi kilekile kwa kila sampuli; mimi huweka nanogramu 500. Andaa na tyubu moja isiyo na kimeng'enya cha kugeuzia. Hiyo ikikuonyesha kitu, ujue ni DNA iliyobaki, si jeni iliyoamka.

Kwenye sahani ya mashine ya qPCR, inayonakili cDNA mzunguko kwa mzunguko na kuonyesha nakala kwa mwanga, kila sampuli ipate vishimo vitatu vya hsp70 na vitatu vya jeni rejea, ile isiyobadilika kwa joto, ya kulinganishia. Wengi hukimbilia beta-aktini kwa mazoea tu. Mimi natumia ef1a, na hata hiyo niliijaribu kwanza kuona kama Ct yake (mzunguko ambao mwanga unavuka kizingiti; nakala zikiwa nyingi, Ct huwa ndogo) imetulia kwa samaki wa joto na wa baridi. Kishimo cha maji matupu, kinachotakiwa kisiwake, usikisahau. Changu kiliwahi kuwaka mzunguko wa 33. Nikatupa rangi inayotoa mwanga, nikatupa praima, vile vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha unakili, wapi! Kumbe nilikuwa nachanganyia dawa kwenye meza ileile niliyofungulia tyubu za PCR ya wiki iliyopita. Nilihamia chumba cha pili, nikafuta pipeti kwa jiki, kikanyamaza.

Mashine naipangia nyuzi 95 kwa sekunde 15, kisha 60 kwa dakika moja, mizunguko 40. Mwisho iipashe sahani polepole uone mchoro wa kuyeyuka: kilele kimoja, praima zako ni safi; viwili, kuna kingine kinachonakiliwa. Usianze bila UPS. Umeme ukikatika mzunguko wa 28, sahani nzima imekwenda.

Sasa hesabu, njia ya Livak na Schmittgen ya 2001. Tuseme sato wa joto ana Ct ya hsp70 22.6 na ya rejea 18.1: tofauti 4.5. Wa maji baridi ana 25.7 na 18.2: tofauti 7.5. Toa 7.5 kwenye 4.5, unapata −3. Kila mzunguko nakala huongezeka mara mbili, kwa hiyo 2×2×2, jeni imepanda mara 8. Hesabu hii inasimama praima zikiwa na nguvu sawa tu: punguza cDNA mara kumi kumi, chora mstari wa Ct kwa kila hatua, mteremko uwe karibu na −3.32. Ukikuta −4, agiza praima nyingine.

Minofu iliyobaki ufukweni, kwa kuwa samaki hakupewa dawa yoyote, vijana wa vizimba hawaulizi mara mbili.