Kabla Hujanunua Mirija na Mipira ya Kugemea Mepoli

Kwanza hakikisha mti wenyewe ni mepoli, ule ambao utomvu wake huchemshwa kuwa shira tamu. Huku Vermont, Marekani, tunaanza kugema kwenye mwisho wa Februari, wakati miti haina hata jani moja na yote inafanana. Ifunge utepe mwezi wa tisa, majani yakiwa bado yapo. Wenye kipenyo cha chini ya sentimita 25 uache ukue.

Mirija ya chuma ya zamani, ile inayopigiliwa kwenye tundu la mti, na ndoo zake zilizochomelewa kwa madini ya risasi yenye sumu, tundika ukutani kama pambo. Nunua ya plastiki ya inchi 5/16, na kila mwaka weka mipya, maana wa mwaka jana una vijidudu, na vijidudu hufanya tundu liache kutiririka kabla ya msimu kuisha. Biti ya drili nayo iwe 5/16. Usicheke, nimeona mtu katoboa kwa 7/16 halafu anauzungushia mrija plasta. Kina cha sentimita 4 kinatosha. Unga wa mbao ukitoka mweupe, endelea. Ukitoka wa kahawia umegusa kidonda cha zamani, hamia pembeni. Gonga mrija kwa nyundo polepole, sauti ikibadilika acha. Ukizidisha, mti unapasuka na utomvu unavuja nje.

Mpira wa kupeleka utomvu kwenye chombo usiwe wa bustani. Uwe wa kupitishia chakula.

Sasa unene wa mpira, na hapa ndipo nilipoumia. Jirani yangu mmoja ana miti yake mlimani. Alinionyesha mpira wa 3/16, mwembamba kama wa dripu ya hospitali. Utomvu ukiujaza, ule unaoshuka unauvuta ulio nyuma, mti unanyonywa bila pampu. Niliona tenki lake linavyojaa, nikaenda kununua roli nzima, nikaunganisha miti minane nyuma ya nyumba. Kwangu ni tambarare kama kiwanja cha mpira, na hilo sikulifikiria hata kidogo.

Siku ya kwanza utomvu ulijikokota, na usiku ulipoingia ulikuwa bado umelala ndani ya mpira. Asubuhi nikatoka na chai mkononi kwenda kuona mavuno. Ndani ya mpira palikuwa na vijiti virefu vya barafu, kimoja nyuma ya kingine, na viputo katikati. Jua likapanda, miti ikaanza kutoa, njia hakuna. Utomvu ukawa unapenya pembeni ya mirija na kushuka kwenye magome, yaking'aa. Nilichukua chupa ya chai nikawa naimwaga juu ya mpira hatua kwa hatua, magoti kwenye theluji. Kufika saa saba mchana nilikuwa na vikombe viwili. Binti yangu alikuwa ametundika ndoo moja tu kwenye mti wa mlangoni, bila mpira wowote. "Baba, lete ndoo nyingine, hii inamwagika."

Kwa hiyo pima kwanza. Mpira mwembamba unataka mteremko wa mita 3 au zaidi kutoka kwenye miti hadi kwenye chombo. Kama huna, tundika ndoo, au tumia mpira wa 5/16, uukaze vizuri na uuinamishe njia nzima ili jioni ubaki mtupu. Kila unapolegea pana kidimbwi, na kidimbwi huganda usiku na kuchacha mchana. Kipande cha kutoka kwenye mrija kiwe na urefu wa sentimita 75 hivi, ili mwaka ujao uweze kutoboa upande mwingine wa mti.

Ukisafisha mipira kwa klorini, suuza mno. Chumvi yake ikibaki inaita kindi, na kindi hutafuna mpira kama muwa.

Hesabu sufuria kabla ya kuhesabu miti. Wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu wa mepoli hana haja, asilimia 98 ni maji tayari. Lita 40 za utomvu zinatoa kama lita 1 ya shira. Chemshia nje, la sivyo kuta za jiko zitalowa. Usilaze utomvu siku tatu kwenye joto. Machipukizi yakivimba ng'oa mirija, ladha imeshaharibika. Miti ya mtu, omba ruhusa. Na viatu viwe vya misumari, njia ya msituni asubuhi ni barafu tupu.