Kuku kakalia kapu la nguo na hataki kutoka? Fanya hivi

Wenzangu tunaofuga kuku wachache nyuma ya nyumba, hili najua limeshawakuta. Unaenda kuchukua shati kwenye kapu la nguo ulizoanua jana, unapeleka mkono, kitu kinaguna krrruuu alafu unadonolewa. Ni koo huyo. Kajitandaza kama sinia, manyoya yamesimama, macho hapepesi. Kwetu Kimara tunaye mmoja tunamwita Mwenyekiti maana akishakalia kiti hatoki mpaka muhula uishe, na mwaka huu kashakalia mara tatu, kapu la nguo, ndoo ya mkaa na kiti cha plastiki cha baba mkwe ambacho mzee alikiacha dakika kumi tu akaswali.

Kwanza hakikisha kweli analalia, asije akawa anataga tu. Anayetaga anakaa nusu saa, saa nzima akizidisha, akimaliza anashuka anatetea mpaka mtaa wa pili wajue. Anayelalia yuko kimya na jioni wenzake wakipanda kulala yeye habanduki. Mnyanyue taratibu umshike tumboni, utakuta pa moto na manyoya ya kifua yamepungua, anajinyonyoa mwenyewe ili ngozi iguse mayai. Alama ya mwisho ni kinyesi, kwa sababu anashuka mara moja kwa siku, anakula mbio mbio, anaoga vumbi, anaangusha mzigo mmoja mkubwa wa siku nzima, na harufu yake jamani. Mwanangu alipouona mara ya kwanza alikuja mbio kuniambia mama, mbwa wa jirani kaingia kwetu.

Mayai kuwepo au kutokuwepo yeye wala hajali. Mwenyekiti kashawahi kulalia ndimu mbili. Wa jirani yangu alilalia kitunguu na kifuniko cha chupa ya maji siku nne, na kila akirudi kutoka kula anakigeuza kile kifuniko kwa mdomo polepole kama anavyogeuza yai, sisi tuko dirishani tunacheka mpaka tunashika mbavu. Lakini kumpiga hapana, kumfukuza na ufagio hapana. Mwili wake umeshabadilika, kuna homoni inaitwa prolaktini ikipanda ndiyo inamfanya aache kutaga na akae pale, sasa unamgombeza nini.

Amua siku hiyo hiyo, unataka vifaranga au hutaki. Ukisitasita anakonda bure juu ya ndimu.

Kama unataka, tafuta mayai ya kuku wanaokaa na jogoo, yasizidi wiki moja toka yatagwe, na yasiwe yametoka kwenye friji. Trei za dukani achana nazo, yale mengi ni ya kuku wa mayai wasiokaa na jogoo, utasubiri mpaka yaoze. Koo mkubwa wa kienyeji mpe 10 mpaka 12, mdogo 8 yanamtosha, cha kuangalia ni yote yafunikwe akikaa, yai linalochungulia nje linapoa. Alafu chukua penseli uchore mstari kuzunguka kila yai. Hii msiipuuze, wenzake wakiona kiota kina mwenyewe ndiyo wanavutiwa kuja kutagia hapo hapo, wengine wanampanda kabisa mgongoni, mimi nilikuta kuku watatu wamepandana kama magunia na wa chini ndiye Mwenyekiti, hajasogea hata kidogo. Kila jioni toa yasiyo na mstari. Usipoyatoa, ya mwanzo yataanguliwa mama ataondoka na watoto, hayo mengine yaliyofika nusu njia yatafia humo, na hiyo inauma.

Kumhamisha ni usiku tu. Mchana ukimbeba atarudi kwenye kapu lako la nguo kabla hujanawa mikono, ila usiku kuku haoni vizuri na anakuwa mpole. Andaa kasha au kreti sehemu yenye giza giza, mchanga kidogo chini, majani makavu juu, nyunyiza jivu kwa ajili ya utitiri, maana utitiri ukiingia kwenye kiota cha anayelalia unaweza kumfanya akimbie mayai yake. Mweke kwanza juu ya mayai mawili usiyoyajali, kesho yake ukiona ametulia ndiyo usiku unamwingizia yale mazuri yote kwa mpigo ili yaanguliwe pamoja. Maji na punje za mahindi viwe karibu.

Siku ya 7 chukua simu washa tochi, weka yai juu yake gizani. Lenye kitu ndani utaona mishipa kama utando wa buibui, lililo jeupe kote toa. Siku hiyo kwetu ni kama sinema, watoto wote wanajazana chini ya shuka moja na mimi kati kati na yai mkononi, anayepiga kelele anatolewa.

Siku ya 21 ndiyo ya mavuno na hapo naomba mikono yenu ikae mbali. Kifaranga anaweza kutoboa ganda asubuhi akatoka usiku, anapumzika, anaanza tena. Ukimsaidia kubandua unaweza kumchana mishipa ambayo bado ina damu. Wala usihangaike kuwaleta kwenye chakula siku hiyo, kabla ya kutoka wanakuwa wamevuta kiini cha yai tumboni, siku mbili wanakaa nacho bila shida.

Na kama huna mayai ya kuku unaweza kumpa ya bata, analalia tu. Ila jua bata wetu hawa wa kawaida, wenye vinundu vyekundu usoni, wanachukua siku 35 hivi, kwa hiyo mlishe vizuri asidhoofike. Bibi yangu Muheza alifanya hivyo, vikaanguliwa vizuri, siku ya kwanza ya kutoka nje vile vitoto vikaona beseni la kufulia, vikatumbukia vyote. Koo alizunguka lile beseni akipiga kelele watoto wangu wanakufa, manyoya yote juu, na wenyewe wanaogelea raha mustarehe, mpaka bibi akamwaga maji ili mama wa watu apumzike roho.

Haya, kama hutaki vifaranga, kinachotakiwa ni kulipoza tumbo. Chukua tenga la kubebea kuku, au boksi lenye chini ya waya, liweke juu ya matofali manne kivulini ili hewa ipite kwa chini, ndani usitandike kitu chochote, chakula na maji awe navyo. Akae humo mchana na usiku siku mbili tatu. Mtoe umjaribu, akienda kuchakura na wenzake amepona, akienda moja kwa moja kwenye kapu mrudishe. Wapo wanaomzamisha kwenye ndoo ya maji na wapo wanaompitisha nyoya puani, mimi naomba tuache, tenga linafanya kazi bila kumtesa. Kurudi kutaga mpe wiki kadhaa.

Kuna la mwisho, la kuku aliyepotea. Kabla hujamlilia na kabla hujamwangalia vibaya paka wa watu, jiulize kama hajaenda kulalia mafichoni. Mvizie muda wa chakula, atakuja mbio manyoya yamesimama anakula kama anafukuzwa. Usimkimbize. Kaa na chai yako ujifanye huna habari naye, maana akijua anafuatwa anakuwa mjanja, anachakura hapa, anaenda pale, anasimama, anageuka kukuangalia.

Mwenyekiti alitupotezea siku nane. Tulipomvizia alituona watatu tumejibanza nyuma ya tanki la maji, akaanza upya kuchakura pale pale kama hana haraka, dakika ishirini nzima. Ikabidi mwanangu apande kwenye mwembe aangalie kwa juu, ndiyo akatuonyesha kwa kidole, chini ya gari bovu la jirani. Nikazunguka kugonga geti nikijua naenda kuomba radhi. Yule mzee akanipeleka mwenyewe mpaka kwenye gari akainama akanionyesha, mayai 13, pembeni bakuli la maji na wali wa jana. Akaniambia mwanangu, huyu nimemlea toka Jumatatu, usimtoe hapa mpaka amalize, vifaranga tutagawana.

Tuligawana. Yeye alichukua watano.