Tamko la mali kwa mgombea udiwani Dar es Salaam: anza na jalada, fomu itafuata

Mgombea udiwani ana karatasi mbili za kujaza kuhusu fedha mbele yake, na wengi huzichanganya. Ya kwanza ni hesabu ya gharama za uchaguzi, chini ya Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010. Hiyo husimamiwa na Msajili wa Vyama vya Siasa na huuliza una fedha gani za kampeni, nani amekuchangia na umezitumiaje. Ya pili ni tamko la rasilimali na madeni, chini ya Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995, nalo huenda kwa Kamishna wa Maadili. Hili la pili linakuhusu ukishashinda na kuapa, uwe diwani wa kata au wa viti maalumu, na ukishaapa una siku 30 tu, kisha utalirudia kila mwaka.

Siku 30 zinaonekana nyingi mpaka uanze kutafuta mkataba wa kiwanja cha Chanika ulionunua mwaka 2011 na muuzaji ameshahama. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza ukiwa bado mgombea.

Hatua ya 1: Fungua jalada kabla ya kuchukua fomu ya kugombea

Nunua faili la kawaida, ligawe sehemu nne: ardhi na majengo, fedha na hisa, vyombo na biashara, madeni. Kila mali iwe na karatasi yake moja yenye majibu matano: ni nini, iko wapi, ulipata lini, kwa thamani gani, na fedha zilitoka wapi. Jibu la tano ndilo lenye uzito kuliko yote. Kuwa na nyumba tatu si kosa kwa diwani. Kosa huanzia pale ambapo nyumba ya tatu haina maelezo.

Kumbuka pia kwamba Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inaruhusu mtumishi au kiongozi wa umma kudaiwa maelezo ya mali isiyolingana na kipato chake. Jalada hili ndilo utakaloliweka mezani siku hiyo.

Hatua ya 2: Panga ni mali za nani zinazoingia

Zako, za mwenzi wako, na za watoto wenu walio chini ya miaka 18 ambao hawajaoa wala kuolewa. Mwenye wake wawili aandike za wote wawili. Hapa ndipo mambo hukwama kwa sababu za kibinadamu kabisa: mume hajui mkewe ana hisa ngapi kwenye kikoba, na mke hana haraka ya kumwambia. Zungumzeni mapema. Kama mwenzi hataki kukuonyesha karatasi, mwombe ajaze orodha yake mwenyewe aitie saini, wewe uihamishe kwenye fomu kama ilivyo.

Mtoto mwenye miaka 24 hahusiki. Lakini kiwanja ulichokilipia wewe na kukiandikisha kwa jina lake ni habari nyingine. Kama kodi ya fremu za maduka zilizoko hapo inaingia kwenye simu yako, hicho ni chako, kiandike.

Mali ya urithi nayo huwababaisha watu. Nyumba ya marehemu baba pale Tandika ikiwa haijagawanywa, usiiandike yote kama yako na usiifiche. Andika kwamba wewe ni mmoja wa warithi, taja idadi ya warithi na jina la msimamizi wa mirathi. Mgawanyo ukikamilika, fungu lako litaingia kwenye tamko la mwaka unaofuata.

Hatua ya 3: Ardhi na majengo

Kwa Dar es Salaam, ushahidi wa umiliki huja kwa sura tatu: hati miliki, leseni ya makazi, na karatasi ya mauziano iliyoshuhudiwa ofisi ya serikali ya mtaa. Yote ni ushahidi wa kuanzia. Usiache kiwanja nje ya orodha eti kwa sababu hakijapimwa. Andika kata, mtaa, ukubwa kwa mita za mraba, na aina ya karatasi uliyonayo.

Thamani ndiyo inayowatesa wengi. Huhitaji kumlipa mthamini. Andika namba mbili: uliyotumia na makadirio ya leo. Mfano: kiwanja Kimara, mwaka 2014, Sh4,000,000, ujenzi wa awamu kuanzia 2015 hadi 2021, Sh38,000,000, makadirio ya sasa Sh75,000,000 kwa kulinganisha na nyumba mbili zilizouzwa mtaa huohuo. Sentensi ile ya mwisho, ya kulinganisha, usiiache. Mwaka huu ukiandika Sh42,000,000 na mwakani ukaandika Sh75,000,000 bila neno, atakayesoma ataona ongezeko la Sh33,000,000 kwa diwani aliyekaa mwaka mmoja madarakani. Kumbe nyumba ni ileile, hata rangi haijabadilika.

Sheria haikutaki uorodheshe sofa na friji. Inatofautisha mali ya matumizi ya familia na mali ya biashara. Lakini ukipangisha vyumba viwili vya uani, au ukatoboa fremu moja upande wa barabara, nyumba hiyo imeanza kuzaa fedha. Ushauri wangu ni mwepesi: penye shaka, andika. Kutaja nyumba unayolala hakukuletei taabu. Na usidhani nyumba haionekani. Tangu 2021 kodi ya jengo hukatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, kwa hiyo kila ukinunua umeme mita inaacha alama.

Hatua ya 4: Fedha, hisa na vikoba

Chagua tarehe moja na usome salio zote kwa tarehe hiyo: benki, SACCOS, simu (kila laini, pamoja na ya wakala kama unayo), na taslimu iliyoko nyumbani. Ukichanganya salio la tarehe 3 la benki na la tarehe 20 la simu, fedha ileile inaweza kuhesabiwa mara mbili kwa sababu uliihamisha katikati. Omba taarifa ya benki yenye mhuri. Ya simu ipakue.

Hatifungani na dhamana za serikali, hisa za kampuni zilizoorodheshwa Soko la Hisa, na vipande vya mifuko ya uwekezaji ya UTT AMIS huandikwa kwa idadi na thamani ya siku ile. Gawio na riba ulizopokea mwaka huo zina nafasi yake. Usizimezeshe ndani ya salio la benki.

Vikoba vingi huvunjwa Desemba. Kama chako kimevunjwa tarehe 20 na fedha zimekwenda kwenye ada na mabati, tarehe 31 huna hisa tena, una mabati. Andika hivyo.

Hatua ya 5: Vyombo na biashara

Gari, bajaji, bodaboda, mashine ya kusaga, kisima cha kuuza maji: namba ya usajili kama ipo, mwaka wa kununua, bei. Kama gari bado liko kwa jina la aliyekuuzia, ambatisha mkataba wa mauziano, kisha kabadilishe umiliki, maana kadi inasema moja na tamko linasema jingine. Kwa kampuni au jina la biashara lililosajiliwa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, taja fungu lako na hali yake, hata kama halijafanya kazi miaka minne.

Kwa diwani, biashara yenye zabuni kwenye halmashauri yake ni jambo la kushughulikia kabla ya kuapa. Tamko halikutakasi na mgongano wa maslahi. Linaonyesha tu kwamba ulijua.

Hatua ya 6: Madeni, sehemu inayosahaulika

Jina lenyewe ni rasilimali na madeni, lakini fomu nyingi hurudi na ukurasa wa madeni mtupu. Huko ni kujiumiza. Deni ndilo linaloeleza mali ilikotoka. Bajaji ya Sh9,000,000 iliyonunuliwa kwa mkopo, ukiwa umelipa Sh5,400,000, huandikwa mara mbili: mali Sh9,000,000, deni Sh3,600,000. Usitoe moja kwa nyingine ukaandika Sh5,400,000, kwa sababu mwakani deni likiisha mali yako itaonekana imepanda ghafla.

Andika pia mkopo wa ndugu, kwa jina na kiasi, hata kama makubaliano yalikuwa ya mdomo. Na umewakopesha watu fedha? Hizo nazo ni mali yako, ziandike.

Hatua ya 7: Linganisha karatasi mbili

Kabla ya kusaini, weka hesabu ya kampeni pembeni ya tamko. Ulisema umetoa Sh6,000,000 zako mwenyewe, zilitoka wapi? Kama uliuza kiwanja, kisiwepo tena kwenye tamko. Kama ulikopa, deni liwepo. Kama ulichangiwa, majina yawe kwenye daftari la michango, pamoja na waliotoa mafuta, fulana au gari la matangazo badala ya fedha. Fungua laini moja ya simu au akaunti moja kwa kampeni peke yake. Anayepokea michango kwenye laini anayonunulia sukari hawezi kuja kutenganisha baadaye.

Hatua ya 8: Wasilisha, tunza nakala

Ukiapa tarehe 4 Desemba, siku 30 zinaishia tarehe 3 Januari, na katikati hapo kuna tarehe 31 Desemba, mwisho wa kuwasilisha tamko la kila mwaka. Usiende likizo na fomu mkobani. Wasilisha kabla ya mwaka kwisha, na tunza nakala yenye mhuri wa kupokelewa, au uthibitisho ukitumia mfumo wa mtandaoni. Nakala hiyo ndiyo utakayoanzia mwakani. Anayejaza kwa kukumbuka kichwani hujipinga mwenyewe.

Kuchelewa, kutowasilisha, au kutoa tamko la uongo kwa makusudi ni ukiukaji wa maadili unaoweza kukufikisha mbele ya Baraza la Maadili. Tamko jingine hutakiwa muda wako wa uongozi unapokwisha.

Ukishindwa kura, tamko la mali halikuhusu. Hesabu ya kampeni bado unadaiwa. Chama kina siku 180 baada ya uchaguzi kupeleka marejesho kwa Msajili, na hakiwezi kuyakamilisha bila yako, kwa hiyo risiti za ukumbi, spika na mafuta zipeleke mapema, wakati wino bado unasomeka.