Gemu za mtandaoni kwenye Linux: kagua antichiti kabla ya kununua mega

Vijana wanaoniletea kompyuta hapa Kamalondo, Lubumbashi, niwawekee Linux (mfumo wa kompyuta unaochukua nafasi ya Windows), wanataka kujua kama wataendelea kucheza na wenzao. Jibu liko mikononi mwa kampuni iliyotengeneza gemu: nguvu ya mashine na ujuzi wako havibadilishi kitu. Kwa hiyo kagua kwanza, mega (data ya intaneti) baadaye.

Gemu nyingi za Windows hufunguka kwenye Linux kupitia Proton, programu ambayo kampuni ya Valve iliitoa mwaka 2018. Kinachokwamisha ni antichiti, yaani programu inayonasa wadanganyifu. Vanguard ya kampuni ya Riot, kwa mfano, hujipachika ndani ya kerneli ya Windows, sehemu ya mfumo inayotawala mashine nzima. Kwenye Linux kerneli hiyo haipo, basi gemu linakataa. Easy Anti-Cheat na BattlEye, antichiti nyingine, nazo huingia kwenye kerneli zikiwa Windows, lakini tangu 2021 zinaweza kufanya kazi ndani ya Proton bila kufika huko. Sharti ni moja: mwenye gemu aruhusu.

Hatua ya 1: soma ukurasa wa gemu kwenye Steam, duka la gemu la Valve. Tangu Oktoba 2024 watengenezaji wanatakiwa kutangaza hapo kama antichiti yao inaingia kwenye kerneli. Ukilikuta tangazo hilo, usikate tamaa bado. Nenda hatua ya pili.

Hatua ya 2: tafuta jina la gemu kwenye areweanticheatyet.com, kisha ProtonDB, tovuti ambako wachezaji wanaripoti gemu zinazofanya kazi. Soma ripoti za karibuni tu, kwa sababu mlango uliokuwa wazi unaweza kufungwa. Apex Legends ilichezeka kwenye Linux hadi kampuni yake, EA, ilipoizuia Oktoba 2024. League of Legends iliondoka mwaka huohuo, Vanguard ilipoingia. Valorant, Fortnite na Call of Duty zimefungwa, na kwa sisi watu wa mpira inauma zaidi kwamba EA Sports FC nayo imo. Counter-Strike 2 na Dota 2 zina toleo la Linux lenyewe, hazihitaji hata Proton.

Hatua ya 3: andaa Steam. Ingia Paramètres, kisha Compatibilité, uwashe Steam Play (ndiyo inayoendesha Proton) kwa gemu zote kama bado haijawashwa. Halafu kwenye Bibliothèque onyesha Outils, uhakikishe Proton EasyAntiCheat Runtime au Proton BattlEye Runtime imeingia, kulingana na gemu lako. Ikikosekana, gemu linaweza kufunguka vizuri halafu seva ikakutoa, nawe ukadhani ni intaneti.

Hatua ya 4: usipakue peke yako. Counter-Strike 2 inahitaji GB 85 za nafasi. Kwa forfe zetu (vifurushi vya intaneti), kupakua gemu kubwa hivyo ni fedha nyingi. Tangu 2023 Steam inaweza kunakili gemu kutoka kompyuta moja hadi nyingine kwenye Wi-Fi moja. Mwenzako aliye nalo aruhusu kwenye Paramètres, Téléchargements, nawe vilevile, kisha uanze kupakua kama kawaida. Kwa gemu zinazopitia Proton, hata mwenye Windows anaweza kukupa, maana Proton hutumia faili zilezile za Windows. Waya ukiwepo, tumia waya. Ni haraka zaidi, na umeme unaweza kukatika wakati wowote.

Hatua ya 5: gemu likiwa limefungwa, usilazimishe. Video zinazoahidi kuficha Linux kwa kuendesha Windows ndani ya mashine pepe (kompyuta ya kuigizwa na programu) zinaweza kukufungisha akaunti, pamoja na kila ulichonunua humo. Njia salama ni kuacha Windows kwenye sehemu yake ya diski na kuchagua mfumo unapowasha. Kabla ya kugawa diski, nakili picha na kazi zako kwenye diski ya nje. Kagua pia umri wa mashine: kwenye Windows 11, Valorant inataka TPM 2.0 (sehemu ya usalama ya mashine) na Secure Boot (ukaguzi wa mfumo wakati wa kuwasha), na kompyuta nyingi za okazo, yaani zilizotumika, hazina TPM hiyo. Ukiwasha Secure Boot, chagua Ubuntu au Fedora, matoleo ya Linux ambayo huwaka nayo bila shida.