Nakshi za kofia ya viua: kuzinakili, kuzifundisha na kuzitundika ukutani

Katika nyumba nyingi za Lamu na Unguja, nakshi za kofia za viua, yaani vitundu vidogo vilivyozungushiwa uzi kwa mkono, zimo vidoleni mwa washonaji, hazimo daftarini. Kofia iliyokwisha huficha nusu ya kazi. Tafuta ile ambayo bado inashonwa, uipige picha nje na ndani, rula ikiwa kando, na umwombe bibi anayeishona akuonyeshe anaanzia wapi. Utaratibu wa kushona ndio unaopotea mwanzo.

Kunakili si kazi ngumu. Kofia iliyotiwa wanga ikiwa bado juu ya faruma, kibao cha kuipa umbo, ifunike kwa karatasi nyembamba, kisha sugua kwa ubavu wa penseli laini. Viua vitajitokeza vyenyewe. Vihamishie kwenye karatasi ya miraba.

Kwa kichwa cha sentimita 56, kata ukanda wa 58, sentimita moja ya mshono kila mwisho. Gawa 56 kwa maua 8 ya nakshi, kila ua lipate 7; usipogawa mapema, maua hayatakutana nyuma. Duara la juu likatwe kipenyo cha 20. Fua kitambaa kabla ya kupima, maana pamba hunywea na kofia ikabana. Chora kwa penseli, wino huchuruzika.

Mwanafunzi asianze na kofia. Mpe kipande cha sentimita 15 kwa 15, tabaka mbili, ashone viua tisa. Atoboe kwa sindano nene, asikate kwa mkasi: sindano husukuma nyuzi kando, mkasi huzikata, na kiua kilichokatwa hufumuka kikifuliwa. Uzi usizidi sentimita 45. Mrefu huota manyoya na kufunga mafundo. Mishono ibanane kuzunguka tundu. Ikiachana, tundu hujifunga. Kiinue kipande kwenye mwanga, makosa yote yataonekana, naye ayaone kwa macho yake.

Kwa kazi ya maonyesho, kuza nakshi mara nne: ua la 7 liwe 28, maua manane yafike sentimita 224, kiua cha milimita 2 kiwe 8. Shona kwa kamba nyembamba ya pamba juu ya kitambaa kizito. Itundike sentimita 30 kutoka ukutani, mbele yake taa moja ndogo ya LED, na viua vitaangukia ukutani kama nukta za mwanga. Taa mbili huzaa vivuli viwili na nakshi hupotea.

Pembeni andika jina la mshonaji, si la msanii peke yake, iwapo ameridhia. Na kama bibi hataki nakshi fulani itoke nje ya nyumba, hiyo ibaki daftarini.