Ninavyokagua hati ya madai isijipinge yenyewe

Miaka yangu ya mwanzo ya uwakili nilipoteza shauri la deni bila shahidi hata mmoja kupanda kizimbani. Hati ya madai, yaani ile ya kufungulia shauri, ilisema deni lilipaswa kulipwa Machi 2010. Tulifungua shauri 2017. Mwenzangu wa upande wa pili akaleta pingamizi la awali, yaani hoja ya kulizuia shauri kabla halijasikilizwa: madai ya mkataba yana ukomo wa miaka 6, muda ambao ukipita huwezi tena kushtaki. Nami kwa kiherehere nikaandika kwenye majibu ya mdai, yaani jibu letu kwa utetezi wa mdaiwa, kwamba mdaiwa alikiri deni kwa barua mwaka 2013. Barua ilikuwepo kweli, na ingeweza kutuokoa na ukomo. Jaji akaniuliza, "Wakili, hiyo barua iko aya ya ngapi ya hati yako ya madai?" Haikuwepo. Shauri likatupiliwa mbali.

Tangu siku hiyo nafuata utaratibu huu. Ni kwa mashauri ya Tanzania Bara, chini ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33.

Hatua ya 1: Tarehe kwanza, aya baadaye. Chukua karatasi, piga mstari katikati. Kushoto tarehe, kulia tukio na kielelezo chake. Mteja asimulie, wewe uandike, halafu umbane. Niliwahi kumuuliza mzee mmoja, "Mzee wangu, kiwanja ulinunua au ulirithi?" Akanijibu, "Vyote viwili, mwanangu." Nusu ilikuwa urithi wa baba yake, nusu aliinunua kwa kaka yake. Alikuwa mkweli kabisa, lakini rasimu niliyoikuta ilisema aya ya 4 "alinunua" na aya ya 9 "alirithi", basi. Wakili wa upande wa pili angeisoma kwa sauti tu na kukaa chini.

Hatua ya 2: Dai makaratasi ya zamani. Notisi ya madai, maelezo ya polisi, na hasa kesi zilizopita. Wateja huzificha hizi kama ugonjwa wa aibu. Jambo lililokwisha kuamuliwa kati ya watu walewale halifunguliwi tena, na kama kuna shauri bado hai kwingine, jipya litasimamishwa. Mahakama ikigundua kwamba ulijua ukanyamaza, itakuambia unatumia vibaya mwenendo wake, na gharama zitakufuata.

Hatua ya 3: Andika. Kila aya tukio moja. Ushahidi uuache kwa mashahidi. Muda wa ukomo ukiwa umepita, sababu ya kukuokoa iwekwe ndani ya hati ya madai yenyewe. Hiyo ni Amri ya VII Kanuni ya 6, ile iliyonichapa. Nafuu mbadala unaruhusiwa kuomba: nipewe kiwanja, au ikishindikana fidia. Kinachokataliwa ni kusimulia matukio mawili yasiyoweza kuwa kweli kwa pamoja, kisha mteja akasaini uthibitisho kwamba yote ni kweli.

Hatua ya 4: Majibu ya mdai yasizae hadithi mpya. Amri ya VI Kanuni ya 7 inakataza kuleta madai mapya au maelezo yanayopingana na hati yako ya mwanzo. Ukigundua pengo, omba kurekebisha hati chini ya Kanuni ya 17, na uombe mapema.

Hatua ya 5: Pingamizi limeshaletwa. Usikimbilie kurekebisha hati. Utaambiwa unalikwepa pingamizi. Lisome kwanza. Tangu kesi ya Mukisa Biscuit ya 1969, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, pingamizi la awali ni hoja tupu ya sheria. Likihitaji ushahidi ili lithibitike, hapo una la kujibu.

Likiwa na nguvu na ukaamua kuondoa shauri, Amri ya XXIII inataka uombe ruhusa ya kulifungua upya, la sivyo mlango umefungwa. Sema maneno hayo waziwazi, uhakikishe yameingia kwenye kumbukumbu za mwenendo wa shauri. Hata ukiruhusiwa, ukomo unahesabiwa kana kwamba shauri la kwanza halikuwahi kufunguliwa, kwa hiyo tazama kalenda kabla hujasimama.