Umepata ofa ya kazi Dar? Fanya haya kabla hujasaini

Ninafanya kazi ya rasilimali watu hapa Dar es Salaam, na vijana wengi husaini mkataba wao wa kwanza wakiwa wamekaa mbele ya meza yangu. Wengi wao wamezunguka na bahasha ya kaki miaka miwili, kutoka Posta hadi Mikocheni, na siku wakipewa karatasi wanaitia saini bila kusoma. Ninawaelewa. Lakini mwisho wa mwezi mtu yule yule anarudi na salari slipu, ile karatasi ya mchanganuo wa mshahara, mkononi, sauti imeshuka, ananiuliza: "Dada, hizi hela nyingine zimekwenda wapi?"

Jibu la swali hilo unaweza kulipata kabla ya kusaini. Kaa na kalamu na karatasi, mdogo wangu, tuanze.

Hatua ya 1: Hakikisha kazi yenyewe ipo

Ukipata ujumbe wa "Hongera, umechaguliwa, tuma 35,000 ya fomu", usitume. Wakisema ni hela ya sare, ya mafunzo au ya vipimo vya afya, jibu ni lile lile. Mwajiri wa kweli anakulipa, hakutozi. Tafuta jina la kampuni kwenye mfumo wa BRELA, wakala wa serikali wa kusajili kampuni, uone kama imesajiliwa, kisha nenda ofisini kwao mwenyewe. Kama ni kazi ya serikali, tangazo lake huwa kwenye tovuti ya Sekretarieti ya Ajira, na maombi hupitia Ajira Portal.

Hatua ya 2: Uliza kama ni kabla ya makato au baada

Wengi wanaona haya kuuliza habari za mshahara, wanaogopa kuonekana wana tamaa. Mimi niko upande wa pili wa meza, na sijawahi kumwona mwombaji akinyimwa kazi kwa kuuliza hili kwa adabu. Ukipigiwa simu ya ofa, shukuru, kisha andika hivi:

"Habari za kazi. Nashukuru sana kwa nafasi hii. Naomba kufahamu kama mshahara uliotajwa ni kabla ya makato au baada ya makato, na kama kuna posho nje ya mshahara wa msingi. Naomba pia kupata ofa kwa maandishi ili niipitie. Asante."

Basi. Usiongeze maelezo ya shida za nyumbani, wala usiseme una ofa nyingine kama huna.

Hatua ya 3: Piga hesabu mwenyewe

Tuchukue mshahara wa 800,000 kwa mwezi, kabla ya makato, sekta binafsi, Tanzania Bara.

Kwanza NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Mchango ni 20% ya mshahara. Kwa kawaida wewe unakatwa 10% na mwajiri anaongeza 10% kutoka mfukoni mwake. Yako ni 80,000. Inabaki 720,000, na hiyo ndiyo inayotozwa kodi.

Sasa kodi ya mapato, ile inayoitwa PAYE. Mpaka 270,000 hutozwi kitu. Kuanzia hapo hadi 520,000 unatozwa 8%, yaani 20,000. Kuanzia 520,000 hadi 760,000 ni 20% ya kinachozidi 520,000. Wewe umezidi kwa 200,000, kwa hiyo ni 40,000. Jumla ya kodi ni 60,000. Kwa wenye mshahara mkubwa zaidi, kinachozidi 760,000 hadi milioni moja hutozwa 25%, na kinachozidi milioni hutozwa 30%. Viwango hivi vinaweza kuguswa na bajeti kila Julai, kwa hiyo viangalie TRA, mamlaka ya mapato, kabla ya kupiga hesabu yako.

Mpaka hapa umebaki na 660,000. Kama hukusoma kwa mkopo, hicho ndicho kinachoingia benki.

Kama ulisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, inakatwa 15% ya mshahara wa msingi kila mwezi. Ikiwa zote 800,000 ni mshahara wa msingi, hiyo ni 120,000. Unabaki na 540,000. Ndiyo maana watu wawili waliomaliza chuo siku moja na kuajiriwa siku moja kwa mshahara ule ule, mmoja anapokea 660,000 na mwingine 540,000, kisha yule wa pili anadhani ofisi inamwonea.

Usiishie hapo. Andika nauli. Kijana anayetoka Mbagala kwenda Masaki hapandi gari moja. Tuseme nauli ya kwenda na kurudi ni 3,000 kwa siku: ukienda kazini siku 22 ni 66,000. Sahani ya wali maharage kwa mama ntilie kila mchana, weka na yenyewe. Weka na kodi ya chumba, ukikumbuka kwamba wenye nyumba wengi hapa mjini wanataka ya miezi sita kwa mpigo. Namba inayobaki ndiyo mshahara wako. Hiyo ndiyo ya kuitumia kuamua kama unakubali, unaomba nyongeza, au unahamia chumba cha karibu na kazi.

Hatua ya 4: Soma mkataba ukiwa umekaa nyumbani

Omba uondoke nao, hata kwa usiku mmoja. Mwajiri akikataa kabisa, usome pale pale, taratibu, hata kama mtu anakusubiri.

Anza na mgawanyo wa mshahara. Wapo wanaoandika 500,000 mshahara wa msingi na 300,000 posho. Jumla ni ile ile, kodi inatozwa kwa vyote viwili, na makato ya mkopo yanapungua. Lakini malipo ya saa za ziada yanapigwa kwa mshahara wa msingi. Kiinua mgongo cha kuachishwa kazi ni hivyo hivyo: sheria inatoa mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia. Msingi ukiwa mdogo, na hivyo vinakuwa vidogo. Hapa ndipo pa kuomba marekebisho, na pa kuomba ni kabla ya kusaini tu.

Kisha saa za kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 kwa wiki, zisizozidi 9 kwa siku. Zaidi ya hapo ni saa za ziada, na kila moja inalipwa mara moja na nusu. Likizo ya mwaka ni siku 28 mfululizo, Jumamosi na Jumapili zikiwemo ndani. Nimewahi kukaa na kijana aliyekwisha kukata tiketi ya basi ya kurudi kutoka Bukoba akiamini siku hizo ni za kazi tu. Ilimgharimu.

Angalia na aina ya mkataba: una tarehe ya mwisho au hauna? Na kipindi cha majaribio ni cha muda gani? Soma hili mara mbili. Mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi 6 na mwajiri wake hana kinga kamili ya sheria dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali. Miezi hiyo usikope kwa kutegemea mshahara.

Hatua ya 5: Panga majina na nyaraka

Utaombwa namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa yenye tarakimu 20, TIN (namba ya mlipakodi) kutoka TRA, vyeti, akaunti ya benki, picha, na mara nyingi barua ya serikali ya mtaa. Kinachowakwamisha watu ni majina. Cheti cha kidato cha nne kinasema Mohamed, NIDA inasema Mohamedi, benki wameandika herufi moja tu ya jina la kati. Mshahara unagoma kuingia kwa ajili ya herufi moja. Panga nyaraka zote mezani leo, linganisha jina kwa jina, na palipo na tofauti nenda kwa wakili upate hati ya kiapo mapema.

Hatua ya 6: Salari slipu ya kwanza

Iweke kando ya hesabu ya hatua ya 3 na upite mstari kwa mstari. Kisha fanya jambo ambalo mimi sikulifanya.

Mwajiri wangu wa kwanza alinikata NSSF kila mwezi. Slipu ilionyesha, na mimi niliamini slipu. Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza nikaenda kufuatilia fao la uzazi. Dada wa dirishani akageuza skrini nione mwenyewe: miezi saba haikuwa na mchango wowote. Hela ilitoka kwangu, haikufika. Nilifuatilia kwa karibu mwaka mzima, mtoto mgongoni, na mpaka leo nikikaa na mwajiriwa mpya hilo ndilo ninalomwambia kwa mkazo.

Slipu inaonyesha kilichokatwa, haionyeshi kilichofika. Kwa hiyo baada ya mwezi wa pili, nenda NSSF au angalia kwa huduma zao za mtandaoni, uone kama mchango wa mwezi wa kwanza umeingia. Rudia kila miezi mitatu. Kama una mkopo, ulizia salio lako Bodi ya Mikopo kwa namna hiyo hiyo.

Ukikuta pengo, anza na mhasibu au ofisa wa rasilimali watu, kwa maandishi. Ikishindikana, peleka suala la michango NSSF kwenyewe, maana wao wana mamlaka ya kumdai mwajiri. Migogoro mingine ya kazi inapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Huko muda unahesabiwa: siku 30 kwa kuachishwa kazi, siku 60 kwa madai mengine. Kwa hiyo kila slipu, mkataba na barua, vipige picha ujitumie kwenye barua pepe yako binafsi. Ya ofisini inafungwa siku ile ile unayoondoka.